Bakuli la Pili Nchini Fukuto

Anayekwenda Fukuto hana haja ya kuuliza njia, afuate kikohozi. Kwanza ni kikohozi cha mtu mmoja mmoja barabarani, kisha cha nyumba nzima, kisha cha mji, na hapo mgeni hujua amefika. Chande bin Shomvi alifika hivyo, asubuhi moja isiyo na jua, akiwa na kibunda kwapani na neno zito kifuani. Safari yenyewe tuiache. Kila msafiri ana miguu, na miguu yote huuma namna moja.

Neno lile lilimhusu dada yake, Siwema, aliyeolewa Fukuto miaka mingi nyuma na hakurudi tena kwao. Mama yao alikuwa amefariki. Kabla ya kukata roho alimshika Chande mkono akamwambia, "Kamrudishe mwenzio, asife peke yake ugenini." Ndani ya kibunda mlikuwa na kanga ya marehemu, ile aliyojifunga siku za mwisho, nayo ilikuwa bado na harufu ya karafuu.

Mlangoni mwa mji alipewa bakuli la mti, kama wapewavyo wageni wote.

"Lishike hivi, mdomo juu," alimwelekeza bawabu. "Bakuli la Fukuto hutazama mbinguni."

"Mbinguni kuna nini?"

"Moshi," alijibu bawabu, kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake.

Chande akaulizia nyumba ya Siwema. Bawabu akageuka kutazama ukuta. Muuza viazi aliyekuwa karibu akaanza kupanga upya viazi vilivyokuwa vimepangika. Mwanamke mmoja akainamia ndoo yake, na alipopita karibu na Chande akanyoosha kidevu upande wa uwanjani, kidogo sana, kama anayefukuza nzi. Chande alishika njia aliyoonyeshwa na kidevu. Alikwenda mbio, kwa kuwa kwao mtu asiyetajwa jina ni maiti.

Katikati ya uwanja lilikuwa limetelekwa Jungu Kuu. Ukubwa wake haufai kuelezwa kwa mtu asiyeliona, maana atadhani anadanganywa. Itoshe kusema waliokuwa wakilikoroga walipanda ngazi. Chini ya mafiga yake uliwaka moto wa jiwe jeusi, na moshi wake ulipanda, ukafika juu, ukakuta moshi wa jana, ukarudi chini. Watu walikuwa kwenye foleni, kila mmoja na kikapu cha unga kichwani, wakimimina na kuondoka. Walikuwa wamekonda. Unga wenyewe wa wengine ulikuwa wa mabua zaidi kuliko mahindi.

Aliyempokea Chande alikuwa Kauleni, Mshika Mwiko Mkuu wa nchi ile, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, aliyependa wageni kwa sababu wageni humwuliza maswali ambayo majibu yake anayajua.

"Unga huu ni wa nani?" Chande aliuliza.

"Wa wote, bwana mgeni. Kila nyumba huleta, tajiri na maskini. Hapa hatubaguani."

"Na wanaokula ni wote?"

"Wanaokula ni Mabwana wa Shimo." Kauleni alionyesha banda la kivuli, ambamo wanaume kadhaa walikuwa wamejilaza juu ya magodoro. "Walikuja zamani za babu zetu. Wakasema chini ya mashamba yetu kuna jiwe jeusi, ila wao hawana nguvu za kulichimba kwa sababu ya njaa. Tukakubaliana tuwalishe mpaka wapate nguvu."

"Bado hawajapata?"

"Bado wachanga," alisema Kauleni kwa huruma.

Chande aliwatazama wale wachanga. Walikuwa na vitambi vya kuwekea vikombe.

"Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

"Nasi twasema hivyo hivyo. Siku ya tatu tuliwapa jembe. Ndilo wanalochimbia."

"Na hilo jiwe ni la kazi gani?"

"La kuwasha moto wa jungu."

"Na jungu?"

"La kuwapikia Mabwana."

"Ili?"

"Ili wachimbe jiwe." Kauleni alitabasamu kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amepata hesabu bila kusaidiwa. "Umeona? Hakuna kinachopotea."

Chande akataka kujua jiwe linalozidi linakwenda wapi, maana alikuwa ameona mikokoteni ikipanda mlima imejaa. Akaambiwa huenda kwa jamaa za Mabwana, na kwamba kumwuliza mgeni amebeba nini anapoondoka si adabu. Akauliza wenyeji wao wanapata nini. Kauleni alinyoosha kidole. Alionyesha mlango wa Baraza, ambapo maneno yalichongwa kwa herufi kubwa: JUNGU KUU HALIKOSI UKOKO. Ndiyo sheria ya kwanza ya nchi, na watoto hufundishwa kabla ya kufundishwa majina yao. Na kweli, Mabwana wakishakula wakalala, jungu hulazwa ubavu, na wananchi huingia na mabakuli yao kukwangua.

Hapo ndipo Chande alipomwona dada yake.

Alikuwa ameketi upande ule ambao upepo hupeleka moshi, juu ya kiti kizuri cha kuchongwa, peke yake, na mbele yake chini palikuwa na bakuli lililopinduliwa, kitako juu. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Watu walimpita huku na huku bila kumgusa kwa macho, kama wanaopita kisiki.

"Dada," Chande alisema.

Siwema aliinua uso taratibu. Kwanza alitazama nyuma yake, kuona kama kuna mwingine anayeitwa.

"Nani anayenisemesha?" aliuliza. Kisha akamtambua. "Chande. Mdogo wangu. Niite tena."

Akamwita tena. Akamwita mara nyingi, wazee wawili wameshikana mikono katikati ya uwanja, na foleni nzima ikageuza nyuso upande wa pili kwa adabu.

Sheria yenyewe Kauleni aliieleza baadaye bila kificho, tena kwa fahari. Fukuto si nchi ya washenzi, alisema. Hawamfungi mtu mdomo. Asiyeridhika na Jungu hupewa kiti cha heshima. Hupindua bakuli lake, na tangu hapo ana uhuru wa kusema lolote apendalo, na wengine wana uhuru wa kutosikia. Hasemeshwi wala hajibiwi na mwananchi, havuki kizingiti cha nyumba yenye bakuli lililo wazi. Unga wake bado analeta, bila shaka, kwani kupinga ni jambo moja na kuchangia ni jingine. Maana sheria inasema: kauli ya mmoja ni kikohozi, kauli ya wawili ni neno. Kikohozi hakizuii jungu kuchemka, ila mradi kinasikika uwanjani kila adhuhuri, Mabwana hawakabidhiwi nyumba mpya ya kuchimba. Kiti kikikutwa kitupu, mji wote huhesabiwa umeridhika.

"Na wakiwa wawili?"

"Mabakuli mawili yakipinduliwa pamoja, jungu linaepuliwa, moto unazimwa, na Baraza linakaa kusikiliza. Ni sheria nzuri sana. Haijawahi kutumika."

Chande hakushangaa. Kwa mtu wa pili kukubaliana na wa kwanza, ni lazima wazungumze, na wa kwanza hasemeshwi.

Siwema alikaa nyumba ya mwisho kabla ya Shimo. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na nusu. Ile nusu ilikuwa jiko, na jiko lilikuwa limeshaporomoka. Ukisimama mlangoni pa nyuma uliona weusi mtupu unaoshuka, na huko chini kabisa mlio wa majembe. Upande wa mbele, hatua chache tu, ilikuwa nyumba ya binti yake, Sikudhani.

Chande alimpa kanga. Siwema aliipokea. Aliipeleka puani, akavuta ile harufu ya karafuu, akakaa chini sakafuni akalia kama mtoto aliyechapwa. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, na hakuna jirani aliyekuja kubisha hodi kuuliza kulikoni. Chande alikuwa hajapata kuona msiba usio na mtu wa pili wa kusema pole. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

"Twende nyumbani, dada," alisema. "Mama alitaka hivyo. Mimi nami nakaa peke yangu. Chumba chako kipo."

"Nikiondoka leo, adhuhuri kiti ni kitupu. Kesho Mabwana wanakabidhiwa nyumba hii. Baada ya hii ni ya Sikudhani, naye ana mimba inayokaribia." Alijifuta macho kwa kiganja, akaiacha kanga isiloe. "Wewe hujui nilivyoanza. Mume wangu alikufa kifua. Tukamzika pale nyuma. Shimo likaja likachukua kaburi, na mji ukakusanyika ukanipigia makofi, wakanipa cheo, Mchangiaji Mara Mbili. Nilirudi nyumbani na kile cheo nikakosa pa kukiweka. Siku iliyofuata nikapindua bakuli."

"Na Sikudhani?"

"Mwanangu ana akili. Mwanzoni alikuwa akija hapo nje anasema na kuku wangu. 'Nyie kuku, mwambieni mwenye nyumba nimepika mtama leo, nimeuacha juu ya kinu. Nyie kuku, mwambieni mwenye nyumba nimechukua mimba.' Mimi ndani nasikia. Siku ile ya mimba nilicheza peke yangu humu, Chande, nikapiga na vigelegele, nikanyamaza mwenyewe." Alicheka kidogo. "Baraza likakaa. Wakaamua kwamba kusema na kuku ni kukwepa sheria. Wakaja wakachukua kuku."

Chande alitazama banda la kuku tupu pale uani. Lilikuwa bado limefagiwa.

Alikaa Fukuto, akaona mengi. Aliona kwamba majumbani mwao watu wa Fukuto hupika kwa mavi ya ng'ombe makavu, kwa kuwa jiwe jeusi ni la wote na kwa hiyo hapewi mtu. Aliona watoto wanaochora jua kwa rangi ya kijivu. Alihudhuria Baraza siku lilipojadili malalamiko ya jiko la Siwema, yaliyoletwa na Siwema mwenyewe kwa kupiga kelele nje ya dirisha, jambo ambalo sheria inamruhusu.

Mjumbe mmoja, mtu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, alisimama akasema wamelipima jambo hili kwa makini. Shimo, alisema, ni tundu. Tundu si kitu, na kisicho kitu hakiwezi kusogea. Ikiwa basi nyumba ya mama yule na Shimo vimekaribiana, kinachosogea ni nyumba. Wakakubaliana wote. Likabaki swali moja, kama mwenye nyumba inayolisogelea Shimo atozwe faini kwa uzembe au asamehewe kwa ujane wake. Walibishana sana, wengine kwa machozi ya kweli, na mwishowe huruma ikashinda: alisamehewa.

Chande aliomba ruhusa ya mgeni kuuliza.

"Mbona msipike kwa njia nyingine? Nyuma ya moshi huu jua lipo. Kwetu tunakaushia samaki, tunapashia maji. Na upepo mnao, ndio unaopeleka moshi kwa dada yangu."

Kauleni alimjibu kwa upole wake uleule. "Tumelifikiria jua, bwana mgeni. Ugumu wake ni kwamba halina mwenyewe. Sasa kitu kisicho na mwenyewe utakichangiaje? Utampelekea nani unga?"

Baraza zima likatikisa kichwa kwa kumwonea huruma. Chande akakaa chini. Kwa dakika moja alijisikia kweli ni mjinga, na hiyo ndiyo nguvu ya Baraza la Fukuto: hutoki mle ukiwa na akili uliyoingia nayo.

Alipotoka alimkuta Sikudhani anamngoja kwenye kona, mkono mmoja kiunoni, tumbo limetangulia mbele. Alikuwa na paji la uso la bibi yake marehemu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama anakohoa usiku?"

"Anakohoa."

"Namsikia. Nilidhani labda ni mimi." Alitazama huku na huku. "Mjomba, mkunga anasema mtoto amekaa vibaya. Mimi naogopa. Nataka mama anishike. Sitaki mwingine. Mwambie ageuze bakuli. Mwambie nyumba ni udongo tu."

Chande akambebea dada yake maneno yale kama yalivyo, bila kupunguza. Siwema aliyasikiliza akiwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mgongo kwake, akitazama weusi.

"Bakuli likigeuzwa juu halipinduliwi tena," alisema. "Ni mara moja tu katika maisha ya mtu. Nikienda kwake leo, nitamshika, mtoto atazaliwa, halafu wataishi na Shimo chini ya kitanda. Nyumba ni udongo, sawa. Lakini wataenda wapi? Baada ya ile kuna nyumba nyingine, na nyingine." Aligeuka. "Nimebaki na haja moja, mdogo wangu. Sikutaka kukuomba."

Alikuwa hahitaji kuitamka. Mgeni akila ukoko anakuwa mwananchi, na mwananchi ana bakuli la kupindua. Bakuli la pili. Jungu likiepuliwa na moto ukizimwa hata kwa siku moja, moshi utaondoka, na watu wa Fukuto wataliona jua kwa mara ya kwanza tangu babu zao. Siwema aliamini kwamba watu wakishaliona hawatakubali kurudishiwa moshi. Chande hakuwa na uhakika huo. Lakini alimtazama yule mwanamke aliyekuwa akimbeba mgongoni utotoni, anayelala akisikiliza majembe, akapiga moyo konde.

"Nitakaa nawe," alisema. "Tutakaa wawili. Walau tutakuwa tunapiga soga."

"Kesho adhuhuri," alisema Siwema, na siku ile alisuka nywele zake kama mtu anayekwenda harusini.

Basi ndivyo binadamu anavyopanga. Asubuhi, Chande akiwa anachochea moto wa uji, ukelele ulitoka nyumba ya mbele. Haukuwa ukelele wa kumwita mtu. Sheria ya Fukuto haijui la kufanya na sauti ya namna hiyo. Ukaja wa pili. Siwema alisimama katikati ya chumba, bakuli mkononi, ametoa macho. Ukaja wa tatu, na ndani yake kulikuwa na neno, na neno lilikuwa "mama".

Siwema aligeuza bakuli mdomo juu, akaliweka mezani polepole kama kitu cha kuvunjika.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. Alichukua ile kanga ya marehemu, akatoka mbio akavuka kile kizingiti cha mwanawe ambacho hakuwa amekivuka tangu apindue bakuli.

Chande alibaki na uji unaomwagika. Hakumlaumu, nani angeweza kumlaumu? Lakini alikaa kwenye kigoda akaona upweke umeingia ndani ukakaa mkabala naye. Jana walipanga kuwa wawili. Bakuli lake sasa lisingekuwa neno. Lingekuwa kikohozi tu. Njia ya kwao ilikuwa wazi. Dada sasa angeweza kusemeshwa na kila mtu na hakuwa peke yake tena, na wasia wa mama, ukiupindapinda kidogo, ungeweza kusemwa umetimia. Alifunga mzigo wake. Alipofika njia panda, kushoto lango la mji, kulia uwanja, jungu lilikuwa limelazwa, nalo jua, pale lilipodhaniwa kuwa, lilikuwa linakaribia utosi.

Alikata kulia. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu pekee alilopata ni kwamba alikuwa bado anakisikia kile kilio cha msiba usio na jirani.

Uwanjani Kauleni alikuwa amesimama kando ya kiti kitupu, Mabwana wawili ubavuni mwake wakiwa na majembe mapya, naye ameshavuta pumzi ya kutangaza.

"Leo kiti kimekuwa kitupu," alianza. "Mji wetu mtukufu umeridhika..."

"Nipe ukoko," alisema Chande.

Kauleni alimvuta pembeni. Uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli, wa rafiki. "Bwana mgeni, wewe una kwenu."

"Ninako."

"Ukila huu huna. Na mwenzako ameshageuza. Utakaa pale na nani?"

Chande alikinga bakuli. Mkwanguaji akamtilia. Aliula amesimama, mbele ya watu wote. Ulikuwa umeungua, una ladha ya moshi, na ubaya wake ni kwamba ulikuwa mtamu. Akaelewa kidogo jinsi nchi nzima inavyoweza kudumu kwa chakula kile. Kisha alilifuta bakuli kwa kidole, akalipindua, akaliweka chini, akaketi juu ya kiti cha dada yake.

"Lakini bwana Chande, fikiri kwamba..." Kauleni alikuwa akisema. Macho yake yakalikuta bakuli. Akafumba mdomo na sentensi yake nusu, akageuka, akaenda zake. Mabwana wale wakarudisha majembe begani, wakarudi bandani kulala.

Hiyo ilikuwa sauti ya mwisho kuelekezwa kwa Chande kwa muda mrefu. Mtu hajui anavyoishi kwa salamu mpaka zikatike. Asubuhi alimwambia bawabu hujambo, bawabu akatazama ukuta. Alimwambia muuza viazi kwamba viazi vyake vinaoza, na kweli vilikuwa vinaoza, na mtu yule aliviacha vioze. Usiku alilala nyumba ya dada yake, ambako dada yake sasa hakuruhusiwa kukanyaga, akisikiliza majembe. Alianza kusema na sufuria. Mchana alikaa kwenye moshi akayakumbuka mambo madogo ya kwao: mlango wake unaogoma kufunga masika, jirani aliyekuwa akimkera kwa redio. Alimkumbuka yule jirani kwa mapenzi. Alitamani hata kutukanwa.

Chande alimwona Siwema kwa mbali tu. Alikuwa amemzalisha binti yake salama, hilo lilijulikana kwa vigelegele. Alikuwa akiingia nyumba hii na kutoka ile, amesimama na wanawake visimani, anaongea, wanamjibu. Chande alijua furaha hiyo ilimstahili. Lakini kila alipomwona anacheka na jirani, kitu kilimchoma, akajiuliza kama dada yake ameshiba ukoko amesahau.

Kisha adhuhuri moja, foleni ikiwa ndefu na Kauleni akiwa juu ya ngazi na mwiko wake, Siwema alikuja uwanjani. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto, kamfunga kwa kanga ya mama yao. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye moshi, akasimama mbele ya kiti. Foleni ikaacha kusogea. Siwema hakumtazama ndugu yake. Alimfungua mtoto, akampakata, akamgeuza uso kwa Chande.

"Mjukuu wangu," alisema kwa sauti ya kusikika foleni nzima, "huyu ndiye babu yako. Mwambie kanga bado inanukia. Mwambie bibi yako anapita nyumba kwa nyumba siku hizi, maana sasa watu wanamjibu. Wengine wanafunga mlango. Wengine wanamkaribisha, wanamsikiliza, wanatazama mabakuli yao. Bado hajapatikana wa pili." Sauti ilimkatika, akaikamata tena. "Mwambie babu yako, bibi anajua kwamba alikuja kumchukua ampeleke nyumbani. Mwambie anajua. Mwambie asiinuke."

Juu ya ngazi Kauleni alifungua mdomo. Alitafuta sheria. Ya kuku ilikuwepo. Ya mtoto mchanga haikuwepo, na ilibidi Baraza likae. Akashuka ngazi kwa haraka kwenda kuliitisha, na kwa kuwa mwiko aliuacha ndani, jungu lilianza kuungua, na hakuna aliyetoka kwenye foleni kulikoroga. Walikuwa wanamtazama mtoto.

Mtoto akakohoa.

Chande alikuwa na maneno mengi, aliyoyapanga siku zote zile akisema na sufuria, lakini machozi yakamshuka mbele za watu. Alinyoosha kidole, mtoto akakishika. Kilikuwa kiganja kidogo, cha moto, na kilikuwa na nguvu.

"Mwambie bibi yako," alisema, "nimesikia."

Siwema alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kusimama kwenye foleni kati ya wanawake wawili, akaanza kuzungumza nao. Chande alivuta kiti chake kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake. Aliweka mkono juu ya kitako cha bakuli na kuketi.